Mama Alilima Kiangazi

Kwetu ardhi hailimwi wakati wa kiangazi. Inakuwa nyekundu na ngumu kama tofali lililotoka tanuruni, na ukiipiga jembe, jembe linaruka na kukurudia usoni. Miezi hiyo watu huezeka nyumba, huoza mabinti zao, hupika pombe ya ndizi, hupumzisha migongo. Lakini kiangazi cha mwaka ule, vita vya Uganda vilipokuwa vimekwisha, mama yangu aliamka kila asubuhi, akachukua jembe, akaenda kulima. Kijiji kizima kilisimama milangoni kikimtazama kwa hofu, kwa sababu siku chache kabla wanajeshi wawili walikuwa wamefika nyumbani kutuambia kwamba kaka yangu ameuawa vitani.

Nyumba iliyofiwa hailimi. Hiyo ndiyo desturi ya Waha, nami niliijua kabla ya kujua kusoma. Habari ya kifo ikifika, jembe linawekwa chini, na haliinuliwi mpaka marehemu azikwe, matanga yakaliwe, na siku ya kuyaondoa ifike. Siku hiyo mama wa marehemu hupiga jembe la kwanza, baba hupiga la pili, watoto hufuata kwa jinsi walivyozaliwa, ndipo majirani nao wanaingia shambani kuwasaidia. Anayelima kabla ya hapo, wazee walisema, anaifukia mbegu pamoja na maiti. Mvua itamkwepa, na ikimkwepa yeye haitachagua, itawakwepa na jirani zake.

Wale wanajeshi walikuja mchana na balozi wetu wa nyumba kumi. Mimi nilikuwa kwenye kinu nikitwanga muhogo. Mmoja wao alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akasema kwa Kiswahili kwamba kaka amekufa kishujaa ng'ambo ya mto Kagera, ndani kabisa ya Uganda, na kwamba wenzake wamemzika huko huko. Baba alisikia. Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, aliangalia midomo ya yule mtu, kisha akamgeukia baba.

"Wanasema nini?"

Baba akanitazama mimi.

"Mwambie mama yako," akasema.

Nilikuwa darasa la sita. Nilikuwa nasifiwa shuleni kwa Kiswahili changu. Nikaziacha zile sentensi za mwanajeshi, nzuri, zilizopigwa pasi kama sare yake, nikamwambia mama kwa Kiha neno moja tu, kwa sababu Kiha hakikunipa jingine: amekufa.

Mama hakulia. Aliuliza, "Wamemwona?"

Nikawauliza wanajeshi: "Mlimwona?"

Yule mwenye kofia mkononi akainamisha kichwa. "Sisi tumeletewa taarifa tu, binti. Hatukuwa kikosi chake."

"Hawakumwona," nikamwambia mama.

"Basi," akasema. Alinyoosha mkono darini penye majembe, akachomoa lake, akapita katikati ya wale wanajeshi kama mtu anayepita kati ya miti, akaenda shambani. Kutoka uani tulisikia jembe likigonga ardhi kavu. Balozi alishika kichwa.

Kaka alikuwa mtoto wa kwanza. Kati yangu na yeye mama alizaa wengine ambao hawakukaa, ndiyo maana alikuwa mtu mzima wakati mimi ni mtoto. Alikuwa mwembamba na mrefu, na hakuweza kukaa bure: akikaa, mikono yake ilitafuta ganda la mgomba, ikalisokota kuwa kamba. Nyumba yetu ilijaa kamba zake. Alinibeba mabegani siku tulipohamishwa kutoka mlimani Heru Juu kuja kijiji kipya kando ya barabara, akanionyesha magari na kuniambia kwamba sasa tumekuwa watu wa mjini. Alijiunga na mgambo kwa sababu vijana wote wa rika lake walijiunga, na vita vilipoanza walichukuliwa kwa lori, wakiimba. Aliniahidi kwamba akirudi atanieleza Waganda wanavyokula ndizi.

Ili mtu amwelewe mama, lazima ajue habari ya baba yake mzazi.

Huyo babu alikwenda manamba, kama walivyokwenda wanaume wengi wa Buha, kukata mkonge huko Tanga. Akakaa kimya miaka mingi. Hakuna aliyerudi na habari zake. Mwishowe ukoo ukakubaliana kwamba amekufa, na kwa kuwa hapakuwa na maiti, wakafanya kama inavyofanywa: wakakata mgomba, wakauviringisha katika mkeka, wakauzika kwa jina lake. Matanga yakakaliwa, yakaondolewa. Mashamba yakagawanywa. Halafu siku moja, mama akiwa msichana wa kuchunga mbuzi, akamwona mtu anapanda mlima na sanduku kichwani. Alikuwa baba yake.

Hakuingia ndani. Hawakumruhusu. Mtu aliyekwisha kuzikwa haingii kwa mlango wa watu walio hai; angeingia na kifo chake. Wakamjengea kibanda ng'ambo ya migomba, na mama ndiye aliyempelekea chakula, akikiweka chini na kurudi nyuma kabla baba yake hajakigusa. Alisema babu hakugomba wala hakulalamika. Alikuwa akiuliza tu, kila jioni, "Mwanangu, hivi mimi nanuka?" Kabla ya mvua kwisha alibeba sanduku lake akaondoka, na safari hiyo hakurudi.

Hiyo ndiyo hofu iliyomshika mama. Wanaume wawili waliovaa viatu vizuri walikuja kumwambia kwamba mwanawe ni marehemu, na wao hawakumwona. Aliwahi kusikia hivyo. Aliwahi kula chakula cha matanga ya mtu aliye hai. Kwake kuweka jembe chini lilikuwa tendo la kumuua kaka kwa mkono wake.

Basi alilima. Alilima shamba la maharage, akalima la mahindi, akalima kipande kilichokuwa kichaka nyuma ya choo. Vumbi lilimfunika hata kope zake zikawa nyekundu. Mabonge ya udongo yalikuwa makubwa kama vichwa vya watu, akayapiga kwa kisigino cha jembe mpaka yakawa unga. Jioni alirudi, akakaa kwenye kigogo, akafumbua viganja vyake mbele ya moto, na mimi niliona ngozi ilivyochanika. Nikipasha maji moto kumkanda, aliniambia, "Usipoteze kuni. Kesho vitachanika tena."

Kisimani wanawake walinyamaza nilipofika. Nilipoinama kuteka, maneno yakaanza.

"Jamani, kuna watu wanalima makaburi mwaka huu."

"Wanapanda nini huko?"

"Wanapanda njaa. Watavuna, na sisi watatugawia."

Walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha watu wenye hofu. Mwaka uliopita mvua ilikuwa haba. Vita vilikuwa vimemaliza chumvi na sabuni madukani, na debe la mahindi lilikuwa kama dhahabu. Hakuna aliyetaka kuipa mbingu sababu ya kuzuia mvua.

Nami nilimwonea mama aibu. Nilitaka awe kama mama wengine waliofiwa, akae kwenye majani ya migomba kichwa kimefungwa, alie kwa sauti, watu waje wamshike. Kulikuwa na mama mwingine kijijini aliyempoteza mwanawe vitani vile vile, na yeye alikuwa ameanza kupona. Sisi hatukuwa tumeanza kufiwa. Nyumbani hapakuwa na msiba wala amani. Wadogo zangu walikuwa wakiuliza kama kaka amekufa, na mimi sikujua jibu ambalo halingenifanya nipigwe na mmoja wa wazazi wangu.

Balozi alikuja tena, safari hiyo peke yake. Alimkuta mama shambani, akasimama kwenye mpaka, hakuthubutu kukanyaga udongo uliolimwa.

"Mama, nakuomba, weka jembe chini. Watu wananijia mlangoni kila asubuhi kama mimi ndiye ninayelima."

"Waambie waje kwangu. Wana miguu."

"Wanakuogopa."

"Basi na wewe ogopa, uende nyumbani."

"Mimi ni kiongozi, mama, siwezi kuogopa," akasema balozi, na alipoona jembe linainuliwa karibu na alipo, aliruka nyuma hata kofia ikamdondoka. Wadogo zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Hata mama niliona mdomo unamcheza. Ndicho kicheko pekee ninachokikumbuka cha kiangazi kile.

Mawingu ya kwanza yalipoanza kukusanyika upande wa Burundi, baba mkubwa, ndugu yake baba, aliitisha kikao cha ukoo uani kwetu. Alikuwa mzee mwenye sauti ndogo, na hakupenda ugomvi. Alisema mvua ni ya watu wote. Alisema kijiji kimekaa, kimekubaliana: kama nyumba hii haimziki mtu wake kabla ya mvua, hakuna atakayetupa mbegu, hakuna atakayekuja kutulimia wala kutuvunia, na mvua ikichelewa itahesabiwa kwetu. Kisha akamgeukia mama.

"Shemeji, tutamzika kwa mgomba. Tutakwenda mlimani kwenye mahame yetu, tukate mgomba kwenye shamba alikozaliwa, tumlaze karibu na wazee wake. Apumzike. Na wewe upumzike."

"Mimi nilizaa mtu," akasema mama. "Sikuzaa mgomba."

"Tunajua."

"Hamjui. Mtafukia mgomba, mtakunywa pombe, mtarudi kulima. Halafu aje. Akija, atalala wapi? Nani atamwekea chakula chini na kurudi nyuma? Huyu?" Alininyooshea kidole. "Mnataka dada yake amfanyie hivyo?"

Walijua habari ya babu, wengine walikuwako.

Siku iliyofuata baba alimfuata shambani. Mimi nilikuwa nimemletea mama maji, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona na sijaliona tena: baba, mwanaume wa Kiha, alipiga magoti mbele ya mkewe, mchana, mahali ambapo kila apitaye barabarani angeweza kumwona. Alisema, "Mke wangu, na mimi nimefiwa. Nimeshika kilio hiki tumboni tangu siku ile, nakungoja wewe. Niruhusu nimlilie mwanangu."

Mama alimtazama, jembe begani. Nilidhani atakubali. Nilimwona akitaka. Kisha akasema kwa upole, kama anamwambia mtoto, "Lia, baba. Lakini mimi nikilia amekufa." Akalipiga jembe ardhini.

Aliyeukata mzizi wa fitina alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Kasulu, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, aliyekuwa akipita kijijini kwetu kununua maharage. Alisimamisha lori lake na kumwita baba. Alisema amemkuta hospitalini Kibondo kijana mmoja mwanajeshi, mwenyeji wa huko huko Kibondo, na katika mazungumzo kijana huyo alitaja kaka yangu. Walikuwa kikosi kimoja. Walikuwa pamoja siku ile.

Mama aliona watu wamesimama kwenye lori, akaja. Nikamtafsiria. Aliuliza swali moja: "Yeye alimwona?"

"Anasema alikuwapo, mama," akasema mfanyabiashara. "Mimi nakwenda Kibondo sasa hivi. Ukitaka, panda."

Mama alipanda kama alivyo, na vumbi lake, na jembe lake. Mimi nikafuata kwa sababu nilikuwa nimeshika nguo yake na hakuniambia niiachie. Taniboi wa lori, kijana mchekeshaji mwenye kofia ya sufu, alitupisha kwenye magunia.

"Mama, mbona na jembe? Kibondo majembe yapo, wanayo mengi tu."

"Anasema nini?" mama akaniuliza.

"Anasema jembe lako ni zuri."

"Mwambie asante."

Njiani miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya, mekundu kama damu mbichi kabla hayajageuka kijani, na mimi, Mungu anisamehe, niliyaona ni mazuri. Niliomba yule mwanajeshi awe amekosea. Kisha niliomba asiwe amekosea, ili mambo yaishe. Niliomba hivi na vile mpaka nikachoka, na lori likaingia Kibondo.

Wodi ilikuwa ndefu, vitanda vimejaa vijana. Walipomwona mwanamke mwekundu kwa vumbi anaingia na jembe begani, mmoja aliyefungwa plasta miguu yote miwili akapaza sauti:

"Kamaradi, amkeni! Serikali imetuletea mtu wa kulima wodi!"

"Aanzie kitanda chako, kuna majani!"

"Mama, umetuletea nini? Ugali wa muhogo? Uganda tumekula matoke mpaka tumesahau kutafuna!"

Walicheka wote. Muuguzi akawakaripia. Mama aliwaacha wacheke, akawapitia kitanda kwa kitanda akiwatazama nyuso, na nilijua anachokitafuta, nikataka kufa. Alifika mwisho wa wodi. Kaka hakuwa mmoja wao.

Kijana tuliyemtafuta alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mwisho. Mkono wake wa kushoto uliishia juu ya kiwiko. Zamani baba aliwahi kunifundisha jinsi ya kumsalimu mtu wa Kibondo, lakini hakukuwa na haja. Ni Kiha kile kile na salamu ni ile ile, ya kupiga makofi taratibu huku mnaulizana habari. Kijana aliinua mkono wake mmoja. Ukabaki hewani. Akauangalia, hajui aupige wapi. Mama akanyoosha kiganja chake, kile kilichochanika, akakiweka mbele yake, na kijana akapiga makofi ya salamu kwenye kiganja cha mama. Wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za safari, mpaka mwisho, bila kuruka hata moja.

"Mimi ni mama yake," akasema mama.

"Nimekujua. Mmefanana paji la uso."

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alikuwa amekufa?"

"Alikuwa amekufa, mama."

"Watu huzimia."

"Hakuzimia."

"Nani alimzika?"

"Sisi wenzake. Mimi nilikuwapo. Huu mkono nilikuwa nao bado."

"Mlimtupia udongo?"

"Nilimtupia. Wa kwanza nilisema ni wa mama yake. Wa pili nilisema ni wa baba yake. Tulifanya hivyo kwa wote, mama, hatukuwafukia kama wanyama."

Niliona mabega ya mama yanashuka kidogo. Nilidhani imekwisha. Lakini akauliza lile ambalo mama yeyote wa kwetu angeuliza, kwa sababu mwanaume hulazwa kwa ubavu wa kulia, na akilazwa vibaya hapati usingizi:

"Mlimlaza ubavu gani?"

Kijana alinitazama mimi. "Mtoto atoke nje."

"Huyu ndiye mkubwa sasa," akasema mama, na baadaye sana ndipo nilipotambua alichokuwa amekwisha kukiri katika maneno hayo. "Abaki. Ubavu gani?"

"Mama, hapakuwa na ubavu."

"Mlimlaza chali?"

"Hapakuwa na ubavu, mama. Kombora lilianguka alipokuwa. Tulikusanya tulichokipata, tukakifunga kwenye turubai." Alikuwa akiongea na shuka yake. "Mimi nilikijua kiatu. Gidamu yake ilikuwa imekatika tangu tulipovuka mto, akaitengenezea kamba ya ganda la mgomba. Alikuwa akitusokotea sote kamba, kila tukipumzika. Kikosi kizima tulifunga viatu kwa kamba zake."

Yule wa plasta alikuwa amegeuza uso ukutani.

Mama alilishusha jembe kutoka begani. Akachuchumaa, akalilaza sakafuni chini ya kitanda cha yule kijana, polepole, mpini kwanza na chuma baadaye, lisitoe sauti. Kisha akabaki pale pale amechuchumaa, mikono mitupu, na sauti ikamtoka ambayo sijui kuiandika. Nimejaribu mara nyingi. Ilianza chini sana, kama kitu kinachoburutwa. Kijana alishuka kitandani, akakaa sakafuni kando yake, akamzungushia mkono wake mmoja. Wakalia wote wawili, na mimi nikasimama juu yao kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

Jembe lilibaki Kibondo. Tuliporudi, taniboi aliuliza kama tumeliuza. Nikamtazama, akavua kofia yake.

Tulifika nyumbani asubuhi. Baba alikuwa mlangoni. Alitazama begani kwa mama, akaona hapana kitu. Mama akamwambia, "Kakateni mgomba." Ndipo baba akalia, kwa sauti, mikono kichwani, na majirani wakatoka nyumba zote wakaja mbio, wanawake wale wale wa kisimani, wakamshika mama, wakamkalisha kwenye majani.

Tulipanda Heru Juu siku hiyo hiyo. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa imeanguka, majani yamepita dari, lakini migomba ilikuwa bado inajizalia yenyewe bila mtu. Baba mkubwa alichagua mmoja mnene, mzuri, akainua panga.

"Huo si yeye," akasema mama. "Alikuwa mwembamba."

Akapita mwenyewe kati ya migomba. Aliigusa mmoja mmoja. Alisimama mbele ya mmoja, akapima kwa kiganja kutoka kwenye paji lake kwenda juu kidogo, akatikisa kichwa, akaenda mwingine. Hakuna aliyemharakisha. Mwishowe akauegemea mmoja, shavu kwenye ganda lenye maji maji, akasema, "Huyu."

Waliuviringisha katika blanketi aliloliacha kaka. Ulipokuwa unashushwa, mama alisema, "Ubavu wa kulia." Wanaume wakatazamana, kwa kuwa mgomba ni wa mviringo. Baba mkubwa aliingia kaburini mwenyewe, akaugeuza, akaurekebisha, akauliza, "Hivi, shemeji?" Mama akasema, "Zaidi kidogo." Akaugeuza zaidi kidogo.

Matanga yakakaliwa kama yanavyokaliwa. Mvua ya kwanza ilinyesha tukiwa bado ndani yake, nzito, bila kinyongo na mtu yeyote, na kijiji kikatusamehe. Siku ya kuyaondoa tulinyolewa, tukaoga, tukatoka kwenda shambani, kijiji kizima nyuma yetu na majembe yao na vikapu vya mbegu walizotuchangia. Udongo ambao mama aliupiga kiangazi chote ulikuwa umelainika kuliko wa mtu mwingine yeyote. Baba alimpa jembe jipya.

Hadi siku hiyo watu wote walikuwa wakimwita mama kwa jina la kaka, kama mama yeyote anavyoitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Baba mkubwa alitoka mbele na kumwita ili apige la kwanza. Akamwita kwa jina langu.

Mama hakugeuka. Akamwita tena, mama wa fulani, na mimi ndiye fulani. Mama aliangalia huku na huku, anatafuta ni nani anayeitwa. Akaniona. Nikaona inamwingia.

Hapo ndipo nilipotaka kupiga kelele asilipige. Kiangazi chote nilimwonea haya, nilitamani akae chini alie kama wengine, na sasa nilifahamu kile alichokuwa akikifanya juani peke yake. Kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyekuwa akimngoja kaka yangu. Baba alikuwa ameacha, ukoo ulikuwa umeacha, jeshi lilikuwa limeacha, mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha siku ile ile kwenye kinu. Alibaki yeye na jembe. Akilipiga hili, kaka hatakuwa tena na mtu wa kumngoja.

Alilipiga. Mara moja, si kwa nguvu. Baba akapiga lake kando ya lile la mama. Kisha watu wakanitazama, kwa kuwa anayefuata baada ya baba ni mtoto wa kwanza. Mtu akanisukuma taratibu mgongoni. Mpini ulikuwa mrefu kunizidi. Niliuinua jinsi nilivyoweza, nikauangusha, na ardhi ikafunguka kirahisi sana, ikalimeza jembe mpaka shingoni.

"Mbegu ziko wapi?" akasema mama. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Jua linapanda. Leteni mbegu."